Aliyehesabu Makoti

“Kamba ni yako, nguzo ni zako, sawa. Dirisha ni langu,” alisema Mama Sindano. “Na mimi sitaki kufungua pazia asubuhi nikute suruali ya huyo mtu inanirushia mateke.”

“Suruali haina macho, jirani. Haikuoni.”

“Mimi ndiye ninayeiona.”

“Basi tazama upande mwingine. Hukuumbwa na shingo ya ubao.”

Shangazi alikuwa na vibanio vya nguo mdomoni, kwa hiyo maneno yalimtokea pembeni, lakini yalitoka yote. Upande wa pili wa kichochoro, msusi alikuwa amesimamisha kazi katikati ya kichwa cha mteja. Mteja mwenyewe, nusu amesukwa nusu bado, hakulalamika. Alikuwa ametega sikio kulekule kwenye utamu.

Huu ulikuwa mwaka wa pili wanawake hawa wanagombana. Walikwisha kugombania moshi, wakagombania mfereji, wakagombania jogoo ambaye hata hakuwa wa mmoja wao. Mtaa ulijua kwamba moshi, mfereji na jogoo vilisingiziwa tu. Ugomvi ulikuwa mmoja. Suruali ile ilikuwa ya mtoto wa kaka yake Shangazi, kijana aliyelelewa katika nyumba ile tangu hajui kuvaa viatu, na ambaye miaka miwili iliyopita alipanda mlimani pamoja na mwana wa Mama Sindano, akashuka peke yake.

“Anapita hapa mlangoni kwangu kila siku na begi lake mgongoni,” Mama Sindano aliendelea, sauti sasa imeshuka, na iliposhuka ndipo ilipouma zaidi. “Hata siku moja hajakaa kwenye kiti changu akanieleza.”

“Msibani alikuja.”

“Alikuja, akalia, akaondoka. Kulia hata mimi najua.”

Shangazi alitoa vibanio mdomoni. “Haya, utapumua. Kesho feri ya asubuhi inamchukua. Kapata kazi kwenye hifadhi nyingine huko ng'ambo, na hana mpango wa kurudi. Hiyo kamba utaitazama tupu mpaka uichoke.”

Ndani ya chumba cha mbele cha Mama Sindano, mguu wa binti yake, Sindano, ulisimama juu ya pedali ya cherehani.

Alikuwa anashona mkanda wa begi la mgeni. Aliutazama ule mkanda kana kwamba hajawahi kuona mkanda maishani. Kesho. Mwanamume aliyempenda kuliko pumzi yake anaondoka kesho, na habari hiyo ameipata bure kwenye vita vya kamba ya nguo, sawa na msusi, sawa na mteja mwenye nusu kichwa.

Hakuvaa hata kiatu kizuri. Alipita mlango wa nyuma.

Alimkuta kwenye lango la hifadhi, anarudisha filimbi na kitabu cha njia kwa mlinzi. Jina lake la nyumbani watu walishalisahau. Wote walimwita Mkia. Si tusi. Kisiwa kile kilikuwa mlima mmoja mkubwa uliokaa majini, na robo tatu yake ilikuwa hifadhi, misitu, maporomoko na njia nyembamba ambazo wageni walivuka bahari kuja kuzipanda. Waongozaji walitembea wawiliwawili. Wa mbele aliitwa kichwa na alivaa koti jekundu; wa nyuma aliitwa mkia na alivaa la njano, ili ukungu ukishuka kila mtu ajue msafara unaanzia wapi na unaishia wapi. Kaka yake Sindano alikuwa kichwa kwa miaka kumi na minne. Huyu alikuwa mkia wake kwa miaka minane. Na makoti yote mawili, jekundu na la njano, yalikuwa yameshonwa na mtu mmoja, ambaye sasa alisimama langoni na ndala, anahema.

“Ulikuwa uniambie lini?” aliuliza Sindano. “Ukifika huko? Ungeniandikia barua?”

Mkia alimtazama kwa yale macho yake ya pole, macho ambayo yalikuwa yakimyeyusha hata akiwa amekasirika. Safari hii hayakutulia. Yalimgusa usoni, yakakimbilia mlimani.

“Ningekuambia leo.”

“Leo saa ngapi? Mimi nimeambiwa na suruali.”

Mlinzi aliona ni vizuri akachunguze bawaba za geti la upande wa pili.

“Panda na mimi,” alisema Mkia. “Mpaka kituo cha tatu tu. Tutarudi kabla ya alasiri.”

Sindano hakuwa amekanyaga njia ile tangu siku walipomshusha kaka yake kwenye machela. “Unajua unaniomba nini?”

“Najua. Kuna neno siwezi kulisemea huku chini. Nimejaribu, Sindano. Miaka miwili nimejaribu.”

Mlinzi alimwazima viatu vya mkewe. Sindano aliandika jina lake kwenye daftari la wanaopanda.

*

Alitembea mbele, Mkia nyuma. Hawakupanga, miguu ya mwanamume yule ilikuwa haijui kutembea mahali pengine.

Njia ilianza kwenye mianzi, ikapinda, ikaingia kwenye msitu wa miti mizee iliyoota majani laini kwenye magome kama watu waliovaa sweta za kijani. Maji yalisikika kabla hayajaonekana. Kisha msitu ukafunguka, na maporomoko yakawa pale, yanashuka kwenye mwamba kwa mikunjo mitatu kama kitambaa kinachofunguliwa dukani mbele ya mteja. Chini kabisa, mabati ya mji yalimeta kama vifungo vilivyomwagika, na bahari ilikuwa imezungushiwa pindo jembamba la povu.

Sindano alikuwa amesahau kwamba mahali hapa ni pazuri. Jambo hilo lilimuuma. Alidhani mlima ungekuwa umebadilika sura kwa aibu.

“Unatembea kama unadaiwa,” Mkia alisema kwa nyuma.

“Miguu yangu inajua pedali tu.”

“Pumzika hapo kwenye jiwe.”

“Usiniongoze kama mgeni.” Lakini alikaa, naye akakaa, wakaacha katikati nafasi ya mtu mmoja. Ilikuwa nafasi ya kaka yake. Wote wawili waliijua, hakuna aliyeitaja.

Baada ya muda Sindano alisema, “Unakumbuka begi la bluu?”

Mkia alitabasamu bila kutaka. “Lile lililokuwa linakatika kila Jumatatu?”

“Lililokuwa linakatwa. Ulidhani fundi mzima sijui uzi uliokatika na uzi uliokatwa kwa kisu?”

“Ulijua?”

“Tangu mara ya pili. Nikawa nashona kwa uzi mwembamba, lisichelewe kurudi.”

Walicheka. Kicheko kilikuwa kifupi. Mwaka jana Mkia alimtuma Shangazi kupeleka posa, na posa ilirudi kabla chai haijapoa. Mama Sindano alisema neno moja tu: huyo hapana. Tangu hapo walipendana kwa kuibia, dakika kumi dukani, robo saa nyuma ya bohari la feri, na kila mara Sindano alirudi nyumbani kumtetea kimoyomoyo. Mama hana haki. Mama anamlaumu mtu kwa sababu ukungu haulaumiki. Alikuwa ameyarudia maneno hayo miaka miwili mpaka yakawa laini kama sabuni iliyotumika.

“Twende nawe basi,” alisema ghafla. “Huko ng'ambo. Cherehani inabebeka. Mama atalia, kisha atanyamaza.”

Mkia aliinama, akafunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka. “Kwanza tufike juu.”

*

Kituo cha tatu kilikuwa kibanda kisicho na kuta, mwanzo wa mgongo wa mlima. Kutoka pale njia ilikuwa nyembamba kama ukuta, huku bahari, kule bahari, na kamba nene ya kushikilia imefungwa kwenye vyuma. Siku ile anga lilikuwa safi. Visiwa vidogo vilionekana mbali, kimoja kimoja, na chini ya miguu yao ndege weupe waliruka. Sindano hakuwahi kuona mgongo wa ndege anayeruka.

Mkia alivua begi, akatoa kitu kilichofungwa kwenye mfuko. Alipokifungua, Sindano alikitambua kwa mshono kabla ya rangi. Kola yenye mishono miwili. Kaka yake alikuwa na shingo nene, kola za kawaida zilimkaba. Koti jekundu.

“Umelitoa wapi?”

“Nilikuwa nalo.”

“Toka lini?”

“Toka siku ile.”

Upepo ulipita kibandani. Sindano hakulishika koti. Aliweka mikono yake miwili chini ya mapaja, kama mtoto aliyekatazwa kugusa.

“Ukungu ulishuka tukiwa hapa,” alisema Mkia. “Wageni kumi. Mmoja, binti mdogo wa chuo, alikuja na kishati tu, meno yanagongana. Kaka yako alivua koti akamvalisha. Akampanga mbele, akamwambia ashike kamba, aende polepole, yeye anakuja. Kulikuwa na kibao cha njia kimeanguka pale pembeni. Alitaka kukisimamisha, kundi la nyuma yetu lisipotee.”

“Na wewe?”

“Mimi nilikuwa mwisho. Sikumwona akitoka. Kanuni ni kwamba kila kituo mkia anaita majina, na kila mtu anajibu kwa sauti yake. Lakini kulikuwa na baridi, wageni wanalalamika. Nikasema nihesabu kwa macho, twende.” Alimeza mate. “Nikaona jekundu mbele. Nikajua kichwa yupo. Nikapiga filimbi, tukaondoka. Nilihesabu makoti, Sindano. Sikuhesabu watu.”

Sindano alifumba macho.

“Kituo cha nne ndipo yule binti aligeuka, nikaona uso. Nilirudi nikikimbia. Niliita mpaka sauti ikakatika. Kama ningeita majina hapa, nikakosa jibu lake, tungekaa palepale, tungempigia filimbi, angefuata sauti. Alitafuta njia peke yake kwenye ukungu, na njia ilikuwa upande mwingine.”

“Ofisini ulisema alitangulia mkapotezana.”

“Nilisema hivyo.”

“Na koti?”

“Binti alinirudishia langoni. Feri yao ilikuwa inaondoka jioni ileile. Nikalitia kwenye begi.”

Mkia alisubiri Sindano alie, ampige, amtukane. Hakufanya hata moja. Alipozungumza, sauti ilikuwa ya kawaida kabisa, sauti ya kuuliza kiuno inchi ngapi.

“Mtaani walisema nini, kaka alipokutwa na shati tu?”

“Sindano.”

“Nakuuliza. Sema walichosema.”

“Walisema alivua koti mwenyewe.”

“Malizia.”

Mkia alitazama bahari. “Kwamba alijitupa. Kwa sababu ya yule mchumba aliyemkataa mwezi ule.”

“Na wewe koti ulikuwa nalo wapi?”

“Chini ya kitanda.”

“Chini ya kitanda,” Sindano alirudia. “Ukuta mmoja na mama yangu.” Sasa machozi yalikuja, lakini sauti haikuyumba. “Mama amelala miaka miwili akidhani mwanawe aliona maisha yake hayafai. Akipita dukani watu wanapunguza sauti. Amejiuliza mbele yangu, nilimkosea nini, nilimnyima nini. Nikimpoza, nikitoka hapo nakuja kwako unanishika mkono. Ulikuwa unanishika mkono, na neno moja tu lako lingemlaza usingizi mama yangu.”

“Niliogopa.”

“Uliogopa nini?”

“Siku ya kwanza niliogopa kunyang'anywa kazi. Ya pili niliogopa mama yako. Baada ya hapo niliogopa kukukosa wewe.” Alimgeukia, na uso wake ulikuwa umezeeka. “Naondoka kwa sababu siwezi kupita mlangoni kwake tena. Na sikutaka uje na mimi hujui umefuatana na nani.”

Sindano alinyoosha mkono, si kwenye koti. Aligusa shavu lake, palepale alipopenda kupagusa, chini ya jicho. Ngozi ilikuwa ileile, joto lilelile. Hilo ndilo lililomvunja. Alitamani kumchukia, na moyo wake, mpumbavu yule, ulikuwa bado unamwita jina.

“Kosa la kuhesabu,” alisema, “ningekusamehe hapahapa kabla hatujainuka. Ukungu ni ukungu. Lakini lile la chini ya kitanda sijui nilipeleke wapi. Sijui, mpenzi wangu. Nikikutazama naliona.”

“Usinisamehe. Nimekuja kukuambia tu.”

“Hujamaliza kuambia.” Aliinuka, akajipangusa suruali. “Mimi si mama. Utamwambia mwenyewe, kwa mdomo wako, kwenye kiti chake.”

Mkia alivaa begi, akasimama pembeni ya njia kumpisha apite mbele.

“Hapana,” alisema Sindano. “Tangulia wewe. Sitaki uwe nyuma yangu.”

Akatangulia. Katika miaka yote ya kazi ile hakuwa ameshuka mlima mbele ya mtu. Alitembea vibaya, anageuka kila hatua tano kuhakikisha kwamba yupo.

*

Mama Sindano alikuwa anapepeta mtama sebuleni, mlango wazi. Alipoona nani amesimama mlangoni, ungo ulisimama hewani.

“Huyu kaja kufanya nini?”

“Ana neno lako, Mama,” alisema Sindano. “Msikilize mpaka mwisho, kisha mfukuze ukitaka.”

Yeye hakuingia. Alikaa kwenye ngazi ya mlangoni, magoti kifuani. Alikwisha kuyasikia mara moja na hakuwa na nguvu ya mara ya pili. Lakini masikio hayana pazia. Alisikia kiti kikivutwa. Alisikia sauti ya Mkia ikianza, ikikwama, ikianza tena. Alisikia mfuko ukifunguliwa. Halafu alimsikia mama yake akiuliza, kwa sauti ndogo ambayo hakuwahi kumsikia nayo:

“Alimvalisha mwenyewe?”

“Mwenyewe, Mama. Akamfunga zipu mpaka kidevuni. Yule binti aliniambia, alimwambia, vaa wewe mgeni wetu, usije ukaenda kutusema kwenu kwamba tulikugandisha.”

Kilitoka kitu kama kicheko, chenye maji ndani yake.

“Ni yeye,” alisema Mama Sindano. “Maneno yake hayo. Hata angekuwa anakufa angemtania mtu.” Akavuta pumzi. “Kwa hiyo alikuwa anarudi.”

“Alikuwa anarudi, Mama. Alikuwa anasimamisha kibao, kisha aje.”

“Alitaka kuja nyumbani.”

“Ndiyo.”

Mama Sindano alilia basi, kwa mara ya kwanza tangu msiba alilia kilio cha mama aliyefiwa tu, bila kile kingine kilichokuwa kimejichanganya humo. Sindano, kwenye ngazi, aliuma ukosi wa blauzi yake. Alipolia vya kutosha, mama alitoka nje amekumbatia koti, akapita karibu na binti yake, akasimama katikati ya kichochoro. Shangazi alikuwa kwenye kamba. Msusi alikuwa mlangoni kwake, bila shaka.

“Mnisikie,” alisema Mama Sindano, wala hakupaza sauti. “Mwanangu alimvulia mgeni koti lake kwa sababu mgeni alikuwa anatetemeka. Ndiyo maana alikutwa na shati. Ile nyingine mlivyoisambaza, na hii isambazeni hivyohivyo.”

Msusi alitazama chini, akakunja taulo iliyokuwa imekwisha kukunjwa.

Mama Sindano aliporudi, alimkuta Mkia ametoka nyuma yake, amesimama chini ya ngazi, begi mkononi, hajui pa kuweka macho.

“Unakwenda wapi wewe?”

“Kufunga mizigo, Mama. Na kesho kabla ya feri nitapita ofisini niandike upya yale niliyoyasema.”

“Kaandike.” Mama Sindano alimtazama binti yake, aliyejikunja kwenye ngazi, kisha akamtazama kijana, kisha tena binti yake. Mwanamke aliyezaa hahitaji kuelezwa. Aliinama, akamshika Sindano bega. “Mimi amenirudishia mwanangu,” alisema taratibu. “Ameniumiza, lakini amenirudishia. Wewe hajakurudishia kitu, amekuchukulia. Sikulazimishi, mwanangu. Ya kwangu na ya kwako si mamoja.”

Sindano alitikisa kichwa kukubali. Miaka miwili alikuwa wa kumtetea mtu huyu mbele ya mlango uliofungwa. Leo mlango umefunguka, na yeye ndiye aliyekaa kizingitini.

Mama aliingia ndani. Sufuria ikafunuliwa, sahani zikagongana. Sindano alizihesabu, kila moja kwa mlio wake. Moja. Mbili. Tatu.

Mkia hakusogea. Ili aingie ilimbidi apite karibu na magoti yale, na hakuthubutu. Alisimama tu, jua la alasiri usoni, anasubiri kama anavyosubiri mtu aliyekwisha kuhukumiwa na hajaambiwa aelekee wapi.

Sindano hakuinua uso. Lakini baada ya muda alivuta magoti yake pembeni, akaacha nafasi ya mtu mmoja kupita.

“Maji ya kunawa yako hapa mlangoni,” Mama aliita kutoka ndani. “Weka begi chini, kijana. Ingia ule.”